Kisanduku cha Masikio ya Mama

Watu wa mtaa walimwita Bi Mita, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na fundi cherehani wa kibanda cha pili, aliyedai kwamba mwanamke huyu hanywi chai kabla hajaipima kama ina chaji. Uongo mtupu, lakini si uongo wa mbali. Mita yake ya njano ya kupimia umeme ilishinda kutwa kwenye mfuko wa aproni, nyaya mbili zikining'inia nje, na mtu akimletea redio au birika la umeme, kabla salamu hazijakolea alikuwa keshaichomoa. Maneno ya wateja hakuyaamini. Mteja, alisema, humletea fundi nusu ya habari, nusu nyingine anaiacha nyumbani, hasa kama ndiye aliyemwaga uji ndani ya redio.

Kibanda kilikuwa cha baba yake. Mzee alikuwa fundi wa enzi zile ambapo transfoma ikiungua haitupwi. Transfoma, kwa asiyeijua, ni chuma kilichovishwa waya pande mbili: umeme mkali wa ukutani unaingia upande mmoja, unatoka mpole upande wa pili. Ikiungua, mzee aliivua waya wote, akaisuka upya kwa mkono, huku watoto wake wawili, Bi Mita na mdogo wake wa kiume, wakikaa pande mbili za meza wakihesabu mizunguko kwa sauti. Mmoja akikosea, wote wawili wanaanza upya. Hapo ndipo walipojifunza kupendana na kulaumiana kwa mkupuo mmoja.

Mzee alipochoka, watu walitegemea meza aachiwe mtoto wa kiume. Akamwachia binti. "Meza ni ya anayeikalia," alisema, na hakuongeza neno. Mdogo mtu wakati huo alikuwa keshapata kazi ya kutengeneza pampu za maji katika mji mwingine. Alisema sawa, akaomba kitu kimoja tu, chuma kimoja cha transfoma, chenye kona iliyomeguka, ambacho baba alikuwa hajakisuka. Akakifunga kwenye shati, akapanda nacho basi. Bi Mita alibaki na meza, na kasauti ndani yake kakimwambia kwamba yule hakuridhika. Ushahidi hakuwa nao. Lakini roho ikishajihukumu haingoji ushahidi.

Baada ya mzee kufariki, mama yao alihamia kwa Bi Mita, na masikio yake yakaanza kuziba kidogo kidogo. Sasa mama huyu, nasema kwa mapenzi yote, alikuwa na tabia moja ya kuudhi: hakukubali hata siku moja kwamba hasikii. Ukimwambia kitu aliitika "Eeh" kwa heshima zake zote, kisha akajibu kile alichodhani umesema.

"Mama, chai ina sukari?"

"Eeh, wote wazima, wanakusalimia."

Watoto wa Bi Mita walicheka hadi wakachoka kucheka. Halafu wakaacha kumsemesha, na hilo ndilo lililouma.

Aliyepata dawa ni mdogo mtu. Siku moja alikuja wakati Bi Mita yuko kazini, akaweka mezani kisanduku cha mbao alichokiunda mwenyewe, chenye maiki juu yake na hedifoni za kuvaa kichwani. Unachomeka plagi ukutani, maiki inadaka maneno ya mezani, kisanduku kinayakuza, na mama anayapata masikioni. Basi la kurudi lilikuwa halimsubiri. Akaondoka bila kuonana na dada yake, akiwa ameacha salamu kwa mama wakati bado anahangaika kumvalisha zile hedifoni.

Jioni Bi Mita alimkuta mama amevaa kitu kichwani, anamsikia jirani akipiga chafya uani, amefurahi kama bibi harusi. Alipomaliza kushangaa akauliza, "Hakuacha neno?"

"Aliacha," mama akasema. "Mdogo wako anasema ana fundo ndani, na unalijua mwenyewe."

Bi Mita alikaa chini. Mtu akikuambia kwamba mwenzako ana fundo, hahitaji kukufafanulia. Ni kinyongo kilichokaa moyoni siku nyingi kikakazika. Kwake yeye kilikuwa na jina pia: kiliitwa meza. Kwa hiyo kasauti kale hakakudanganya. Iliniuma, angesema baadaye, iliniuma hasa kwa sababu niliitegemea.

"Mwambie nimesikia," alisema.

Tangu siku ile mdogo wake akipiga simu alijibiwa, "Mama mzima. Haya." Akipiga tena, "Mama mzima. Haya." Mwishowe akaacha kupiga, na kuja akawa anakuja siku za kazi, mchana, wakati dada yuko kibandani. Wahenga wanasema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Hawa hata kugombana hawakugombana, ndiyo maana hapakuwa na mtu wa kuwapatanisha. Miaka ikaenda.

Kisanduku chenyewe kilifanya kazi yake bila lawama, mpaka siku umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo. Kilitoa harufu ya waya ulioungua, kikanyamaza. Mama aliendelea kuvaa hedifoni na kutikisa kichwa kila mtu akifungua mdomo, lakini majibu yakarudi kuwa yale ya "wanakusalimia." Baada ya hapo akaanza kuomba chakula chake mapema, kabla ya wengine, akidai tumbo halipendi kuchelewa. Bi Mita alimwona kutoka jikoni, amekaa peke yake kwenye meza ndefu, anakula haraka ili amalize kabla watu hawajaja na maneno yao. Akajua kwamba kisanduku kisipofufuka, mama yake ataishi miaka iliyobaki kwenye nyumba yenye watu kana kwamba haina mtu.

Kesho yake akakibeba hadi kibandani.

Kufuata njia za umeme katika kitu ambacho hukukiunda wewe, tena hakina mchoro, ni kazi ya subira, na Bi Mita aliipenda kuliko kazi zote. Kwanza aliimaliza chaji iliyobaki kwenye kapasita kubwa, maana kapasita hukaa na umeme hata plagi ikishachomolewa, na hupenda kuwapiga wajuaji. Kisha akafungua skrubu. Akachukua karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza upande mweupe. Akainua kibao cha saketi mbele ya mwanga wa mlango ili njia za shaba zionekane hadi upande wa pili, akaanza kuchora. Alichora alichokiona, si alichokidhania, maana hiyo ilikuwa amri ya baba. Penye shaka aligusa kwa ncha za mita: ikilia, njia ipo, ikinyamaza, haipo.

Mchoro ukajitokeza polepole. Plagi, fyuzi, swichi, transfoma. Kutoka kwenye transfoma, dayodi nne, kazi yake kuunyoosha umeme unaokwenda na kurudi ili uende upande mmoja tu. Kisha ile kapasita nene ya kuutuliza. Mwisho, kibao kidogo cha kukuza sauti. Kila alipofika alikutana na mkono anaoujua. Lehemu ya kuungia waya ilikuwa nyingi mno kila mahali, imepakwa kama siagi ya nyumba ya watu.

"Bado una mkono mzito," alijikuta akisema kwa sauti, kisha akakumbuka kwamba hawaongei.

Fundi cherehani alichungulia. "Unamsema nani?"

"Sisemi mtu. Shona."

Ugonjwa aliupata kabla ya chakula cha mchana. Fyuzi ilikuwa imekatika, lakini hilo dogo. Mita ilipogusa upande wa transfoma unaopokea umeme wa ukutani ilinyamaza kimya: waya wa ndani ulikuwa umeungua ukakatika. Transfoma yenyewe haikuwa ya dukani. Ilisukwa kwa mkono, ikafungwa kitambaa na kupakwa vanishi, na haikuwa na neno hata moja la kusema inatoa volti ngapi. Kupata transfoma nyingine si kazi, kwenye masanduku yake zilijaa. Kazi ni kujua ya volti ngapi.

Akarudi kwenye mchoro kuuliza maswali. Kapasita iliandikwa volti kumi na sita, lakini hiyo ni dari tu, inakuambia usivuke hapa. Transfoma ya kumi na mbili, umeme wake ukishanyooshwa, hupanda hadi kuitoboa dari hiyo, kwa hiyo kumi na mbili akaifuta. Zikabaki sita na tisa. Kibao cha kukuza sauti kingemjibu, ila kilikuwa kimeng'olewa kwenye chombo kingine cha zamani na maandishi yake yalikuwa yamesuguka yote. Ukikipa sita nacho kilizoea tisa, kitanung'unika tu. Ukikipa tisa nacho ni cha sita, kitaungua, na kingine kama hicho utakitafuta mpaka uzeeke.

"Si umpigie aliyekiunda?" fundi cherehani aliuliza, uzi mdomoni. Alikuwa amesikia habari yote bila kualikwa.

"Namba yangu anayo."

"Na wewe unayo yake. Sasa hapo mkubwa ni nani?"

"Nimesema shona."

Alifunga ya volti sita, kwa sababu ya sita haiui. Jioni akakiweka mezani, akamvalisha mama hedifoni, akachomeka plagi.

"Mama, unanisikia?"

"Eeh, nasikia. Nasikia vizuri sana."

"Unaona mvua itanyesha?"

"Eeh. Alishaondoka, kapita na njia ya sokoni."

Bi Mita alizichukua zile hedifoni akazivaa mwenyewe. Sauti ilikuwepo, lakini nyembamba, inakatika katika kila herufi nzito. Mama alimwangalia usoni, na alipoona uso ule akasema kwa upole, "Usijisumbue, mwanangu. Mimi nasikia." Bi Mita alitoka nje akasimama uani. Machozi yalimtoka, ya hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa nani.

Asubuhi yake, ile transfoma iliyokufa ilikuwa bado juu ya meza ya kibandani. Aliiangalia muda mrefu. Simu haipigwi, sawa, lakini waya una mizunguko yake, na mizunguko huhesabika. Ukijua upande wa kuingilia una mizunguko mingapi na wa kutokea mingapi, volti utazijua bila kumbembeleza mtu. Akachukua wembe, akaanza kuchana kitambaa.

Hakufika kwenye waya. Chini ya tabaka la kwanza palikuwa na uzi mweupe wa pamba uliobana nyaya za kutokea, na kwenye mkia wa uzi huo kulikuwa na mafundo, moja, halafu nafasi ya upana wa kidole, halafu jingine, halafu jingine.

Mikono ilimkumbusha kabla ya kichwa. Baba yake hakuwahi kuandika volti kwenye transfoma aliyoisuka, kwa sababu karatasi huungua na wino hufutika kwa joto. Alifunga mafundo kwenye uzi wa ndani, kila fundo volti tatu, kisha akayafunika kwa kitambaa. Watoto ndio waliokuwa wakimfungia, maana vidole vyao vilikuwa vidogo. "Fundo ni la fundi," alikuwa akisema, "mteja hana haja nalo." Tangu mzee afariki hapakuwa na mtu wa kusuka transfoma pale, wala mtu wa kutaja fundo kwa maana hiyo. Mafundo matatu ni volti tisa. Halafu Bi Mita alitambua kile chuma. Kilikuwa kizito, kona moja imemeguka. Ni kile kilichoondoka kimefungwa kwenye shati.

Ana fundo ndani, na unalijua mwenyewe.

Alilirudia neno hilo mara ya kwanza kwa sauti ya mama, mara ya pili kwa sauti ya mdogo wake, na mara ya pili lilikuwa neno jingine kabisa. Aliweka wembe chini, akatafuta namba ya mdogo wake. Fundi cherehani, aliyekuwa amepanga kumtania, alimwona uso, akainamia cherehani yake.

Simu iliita kidogo tu.

"Dada?" Sauti ilikuwa ya hofu. "Mama yuko salama?"

"Mama mzima." Akakaribia kusema "haya" kwa mazoea, akajizuia. "Transfoma imeungua. Nimeifungua. Nimeyaona mafundo."

"Aa, afadhali. Si ndiyo nilimwambia Mama akuambie? Kikiharibika, mwambie dada fundo liko ndani, atalijua mwenyewe."

"Mama aliniambia una fundo ndani, na ninalijua mwenyewe."

Kwa mbali ilisikika pampu ikivuta maji.

"Na wewe ukaamini?" mdogo wake akauliza.

Angeweza kumtupia mama lawama yote, na ingemtosha. "Niliamini," alisema. "Nilidhani ni ile meza."

"Meza ipi?"

Hata meza yenyewe hakuikumbuka! Bi Mita alicheka, kicheko kikageuka kilio, akafunika simu kwa aproni mpaka kipite. Aliporudi, mdogo wake alikuwa anazungumza, haraka, kama mtu aliyekuwa anasubiri foleni. Alidhani dada amekasirika kwa sababu hakumpa yeye akiunde kile kisanduku, yeye ambaye ndiye fundi wa nyumba. Alidhani amemdharau mbele ya mama. Ndiyo maana alikuwa akija mchana, asimwone akiwa amenuna.

"Wewe ni mjinga," Bi Mita alimwambia.

"Wewe ndiye mkubwa," alijibu. "Mimi niliiga."

Walikubaliana mambo mawili: kwamba Jumapili atakuja na atakaa mpaka jioni, na kwamba Mama asijue. Mtu mzima namna ile, ya nini kumwambia kwamba neno lake moja limekula miaka ya wanawe?

Bi Mita akafunga transfoma ya tisa, iliyotoka kwenye redio ya marehemu fulani. Mama alipovaa hedifoni hakusema "eeh." Aligeuka kuelekea mlangoni akasema, "Kuna mtu anafagia."

Jumapili ndugu yake alifika na nywele za mvi ambazo dada hakuzijua. Walishikana mikono kwanza, kwa aibu, kama wageni kwenye harusi ya watu wengine, kisha wakakumbatiana vibaya, kiwiko kikimgonga mtu kwenye taya. Chakula kilipoondolewa mezani na watoto wakatoka nje, walibaki watatu na vikombe vya chai: mama upande mmoja na kisanduku chake mbele yake, wao wawili upande mwingine. Mama alikuwa amefumba macho, na wao wakadhani shibe imemchukua.

"Lehemu yako," Bi Mita alinong'ona, "ingetosha kuziba paa."

"Lakini haikuachia. Iliyoachia ni transfoma."

"Na wewe ungeandika volti, tusingefika hapa. Karatasi tu, ubandike."

"Fundo ni la fundi. Nani alijua Mama atalibeba hadi moyoni? Yeye na lile 'eeh' lake..."

"Shh! Tulisema nini? Asijue."

Mafundi wawili, wana wa fundi, walikuwa wamesahau jambo moja ambalo hata mteja angelikumbuka: maiki ilikuwa pale pale mezani, na kisanduku sasa kilikuwa kinakula volti tisa.

"'Eeh' yangu imefanya nini?" mama akauliza, macho bado amefumba.

Mama akafumbua macho, akamtazama binti, akamtazama kijana, na jinsi walivyoinamisha vichwa ilimtosha. Aliwahi kuwatazama hivyo walipokuwa wadogo, na hata wakati ule kudanganya hakukuwasaidia. Ikabidi Bi Mita aseme, kwa maneno machache na bila chumvi, kile alichoambiwa siku ile na kile kilichokuwa kimesemwa kweli.

Mikono ya mama ilikuwa juu ya meza, ngozi yake imekuwa nyepesi.

"Siku ile sikusikia," alisema. "Nilisikia fundo, na ndani. Mengine niliyajaza mwenyewe. Niliona haya kumwambia arudie, amekuja mbali, amenitengenezea kitu, halafu nimwambie sikusikia?" Akawatazama wote wawili. "Nilikuwa nawaona hamwonani. Nikasema moyoni, watoto wana yao, wakubwa hao. Kumbe ni mimi."

"Si wewe, Mama," Bi Mita akasema. "Ungenipa neno zuri siku ile ningeligeuza baya tu. Nilikuwa nalitafuta."

"Na mimi sikuuliza," kijana akasema. "Pampu ikinyamaza naifungua siku hiyo hiyo. Dada alinyamaza, nikaondoka."

Mama alipangusa macho kwa ncha ya khanga, mara moja, akamaliza. Kisha akakisogeza kisanduku katikati, sawa sawa baina yao wawili, maiki ikiwaelekea.

"Basi ongeeni," alisema.

Wakatazamana. Walikuwa na miaka mizima ya kusema na hapakuja neno hata moja. Bi Mita alikohoa. Mdogo wake alikuna kidevu.

"Tuongee nini, Mama?"

"Chochote. Mimi nasikiliza."

Basi mdogo mtu akaanza kueleza kuhusu paa la nyumba yake, kwamba linavuja upande wa jikoni, na amelipanda mara nyingi bila kuona tundu. Dada yake akamuuliza kama ameangalia juu zaidi, maana maji hayaanguki pale yanapoingilia, hutembea kwanza na mbao. Akasema hapana, hakuangalia. Akamwambia aangalie. Akasema ataangalia. Na mama yao, mkono mmoja juu ya kisanduku chenye joto, alisikiliza habari za paa lile mpaka chai ikapoa.